Malkia Aliondoka, Gavana Akabaki

Kila mtoto wa shule nchini Tanzania anajua kwamba Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Lakini wengi hawajui kwamba kwa mwaka mzima baada ya siku hiyo, mkuu wa nchi aliendelea kuwa Malkia Elizabeth wa Pili. Mwakilishi wake Dar es Salaam alikuwa Sir Richard Turnbull, yuleyule gavana wa mwisho wa kikoloni, safari hii akiwa na cheo cha Gavana Jenerali. Mwalimu Julius Nyerere alianza kama Waziri Mkuu, akajiuzulu Januari 1962 na kumwachia Rashidi Kawawa nafasi hiyo, kisha tarehe 9 Desemba 1962 akaapishwa kuwa Rais wa kwanza wa Jamhuri.

Majirani nao walipita njia hiyo. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963 ikiwa na Gavana Jenerali Malcolm MacDonald, ikawa jamhuri mwaka mmoja baadaye. Uganda ilikuwa na Gavana Jenerali, Sir Walter Coutts, tangu Oktoba 1962 hadi Oktoba 1963. Zanzibar ndiyo iliyokuwa tofauti: ilikuwa nchi lindwa yenye sultani wake, kwa hiyo ilipopata uhuru Desemba 1963 mkuu wa nchi alikuwa Sultan Jamshid, mpaka Mapinduzi ya Januari 1964 yalipomwondoa.

Kwa kawaida masimulizi huishia hapo: taji la Uingereza limeondoka, rais mzalendo ameingia. Lakini mamlaka ya kikatiba hayatoweki kwa sababu mwenye nayo ameondoka. Lazima yakabidhiwe kwa mtu au chombo fulani. Yalikabidhiwa kwa nani, na kwa masharti gani? Majibu ya maswali hayo yanaeleza mengi zaidi kuhusu siasa zetu za miaka sitini iliyopita kuliko sherehe zote za kushusha na kupandisha bendera.

Tuanze na mamlaka yenyewe. Kwa maandishi, Malkia na Gavana Jenerali wake walikuwa na uwezo mkubwa: kuteua Waziri Mkuu, kuidhinisha miswada iwe sheria, kuvunja Bunge, kuteua majaji, kusamehe wafungwa. Kwa vitendo, karibu yote hayo yalifanywa kwa ushauri wa mawaziri ambao wenyewe waliwajibika bungeni. Kilichomfunga mikono mkuu wa nchi ni desturi iliyojengeka Uingereza kwa karne kadhaa, na sehemu kubwa ya desturi hiyo haikuandikwa popote.

Desturi isiyoandikwa inaweza kutikisika hata katika nchi iliyoizoea. Tarehe 11 Novemba 1975 Gavana Jenerali wa Australia, Sir John Kerr, alimfukuza kazi Waziri Mkuu Gough Whitlam, aliyekuwa na wabunge wengi katika baraza la chini la Bunge. Waaustralia wanabishana juu ya siku ile mpaka leo. Mamlaka yaliyodhaniwa kuwa ya mapambo yalikuwa yamelala tu.

Sasa tumtazame gavana wa kikoloni, maana huyu ni kiongozi wa aina nyingine kabisa. Gavana wa Tanganyika, ambaye cheo chake kilitokana na amri ya mfalme ya mwaka 1920, hakufungwa na desturi ya kuwasikiliza mawaziri waliochaguliwa na wananchi, kwa sababu kwa miaka mingi hawakuwapo. Alitawala kupitia maofisa wa majimbo na wilaya waliowajibika kwake. Baraza la Kutunga Sheria lilipoanzishwa mwaka 1926, wajumbe wake waliteuliwa, na maofisa wa serikali ndio waliokuwa wengi. Sheria ya mwaka 1921 ilimpa uwezo wa kumhamisha mtu kutoka sehemu moja ya nchi na kumpeleka nyingine bila kumfikisha mahakamani. Bosi wake alikuwa London, si kwa wananchi aliowatawala.

Uhuru ulipokuja, nchi zetu zilipokea urithi wa aina mbili kwa wakati mmoja. Katiba mpya iliandikwa kwa mfano wa Westminster, yaani Bunge la Uingereza, lakini dola yenyewe, yaani polisi, maofisa wa wilaya, sheria za kuweka watu kizuizini na mafaili ya serikali, ilikuwa ile ya gavana. Katiba ilikuwa na umri wa miezi. Dola ilikuwa na mazoea ya miongo minne.

Katiba ya Jamhuri ya mwaka 1962 ilifanya jambo moja zito. Iliunganisha mamlaka ya kimaandishi ya Malkia na madaraka halisi ya Waziri Mkuu katika kiti kimoja. Kisha ikatamka kwamba Rais, katika utendaji wake, hatalazimika kufuata ushauri wa mtu yeyote isipokuwa pale sheria inapoelekeza vinginevyo. Kwa kifungu hicho, kamba iliyomfunga Malkia ilikatwa, na mamlaka yaliyokuwa yamelala yakaamka. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila kesi. Sheria ya 1921 ya kuhamisha watu nayo haikufutwa, ikaendelea kutumiwa na serikali huru.

Ndiyo maana nasema marais wetu wa kwanza hawakurithi kiti cha Malkia. Walirithi kiti cha gavana, kikiwa sasa na heshima ya kura za wananchi.

Haki inatudai tuseme kwamba waasisi walikuwa na sababu. Serikali ya Tanganyika ilieleza kwamba kutenganisha mkuu wa nchi na mkuu wa serikali kungewachanganya wananchi, na kwamba taifa changa lenye umaskini na makabila mengi lilihitaji uongozi usioyumba. Hofu hiyo haikuwa ya kubuni. Januari 1964 wanajeshi waliasi Tanganyika, Uganda na Kenya, na serikali zote tatu zikalazimika kuita majeshi ya Uingereza kuwazima, jambo lililokuwa chungu kwa viongozi waliotoka kuondoa bendera yake.

Uganda nayo ilionekana kuwa ushahidi kwamba viti viwili havikai pamoja. Mwaka 1963 Kabaka wa Buganda, Edward Mutesa wa Pili, alifanywa Rais wa heshima, na Milton Obote akabaki Waziri Mkuu mwenye madaraka. Lakini Mutesa hakuwa msuluhishi asiye na upande, kwa kuwa alikuwa pia mfalme wa sehemu moja ya nchi yenye madai yake dhidi ya serikali kuu. Mwaka 1966 Obote aliisimamisha katiba, akajifanya Rais mtendaji, na jeshi likashambulia kasri la Mengo. Mutesa alikimbilia Uingereza na kufia London mwaka 1969. Wengi walihitimisha kwamba kosa lilikuwa kugawa madaraka. Mimi naona kosa lilikuwa kumpa kiti cha upatanishi mtu aliyekuwa mmoja wa wagomvi.

Kenya ilichukua miaka mingi kurekebisha mizani. Katiba ya uhuru ilikuwa ya majimbo, yenye Seneti na mamlaka za mikoa. Jamhuri ilipozaliwa mwaka 1964, Jomo Kenyatta aligeuka kutoka Waziri Mkuu kuwa Rais bila uchaguzi mpya, majimbo yakadhoofishwa, na kufikia 1966 Seneti ilikuwa imefutwa. Wakuu wa mikoa, warithi wa maofisa wa kikoloni, wakawa macho na mikono ya Ikulu. Ilibidi kusubiri hadi Katiba ya tarehe 27 Agosti 2010 ndipo magatuzi yaundwe, mawaziri wapitishwe na Bunge, na Mahakama ya Juu ianzishwe. Tarehe 1 Septemba 2017 mahakama hiyo ilifuta matokeo ya uchaguzi wa rais aliyekuwa madarakani. Hapo ndipo tulipoona, miaka zaidi ya hamsini baada ya uhuru, mamlaka ya gavana yakiwekewa mpaka unaofanya kazi.

Tanzania nayo haikusimama palepale. Marekebisho ya mwaka 1984 yaliingiza katika Katiba haki za msingi za raia na ukomo wa vipindi viwili vya urais. Hata hivyo ibara ya 37 ya Katiba ya 1977 bado inabeba maudhui yaleyale ya 1962 kuhusu Rais kutolazimika kufuata ushauri, na wakuu wa mikoa na wilaya bado huteuliwa na Rais. Tume ya Jaji Joseph Warioba ilikusanya maoni ya wananchi na kupendekeza mabadiliko makubwa. Bunge Maalumu likapitisha Katiba Inayopendekezwa Oktoba 2014, na kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 ikaahirishwa. Suala hilo bado liko mezani, na linatuhusu sote.

Mfano wa karibuni unatoka Karibi. Tarehe 30 Novemba 2021 Barbados ilimwondoa Malkia na kuwa jamhuri. Gavana Jenerali wake, Dame Sandra Mason, alichaguliwa na Bunge kuwa Rais wa kwanza, na mamlaka yake yakabaki ya kiheshima, huku serikali ikiongozwa na Waziri Mkuu Mia Mottley. Barbados ilikwepa kosa la kumvika mtu mmoja mavazi yote. Lakini katika uchaguzi wa Januari 2022 chama cha Mottley kilishinda viti vyote 30 vya baraza la wawakilishi. Rais asiye na makali hatoshi kulinda wananchi ikiwa Bunge halina upinzani wa kuihoji serikali.

Tusichanganye pia taji na uhusiano mwingine na Uingereza. Trinidad na Tobago ni jamhuri tangu 1976, lakini rufaa zake za mwisho bado huenda London, kwenye Privy Council. Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza Desemba 1965 kwa sababu ya mgogoro wa Rhodesia, ila haikutoka katika Jumuiya ya Madola. Na Rwanda, isiyowahi kutawaliwa na Waingereza, ilijiunga na Jumuiya hiyo mwaka 2009.

Kwa hiyo, wakati ujao tutakapopewa rasimu ya katiba tuisome, tusitosheke kuuliza kama imeondoa athari za ukoloni kwa majina na nembo. Tuulize nani anaweza kumkatalia Rais, na kama akikataa atabaki kazini. Tuulize nani anamteua mkuu wa wilaya, na mwananchi aliyeonewa naye atamshitaki wapi. Tuulize jaji anaondolewaje. Malkia tulimwaga ndani ya mwaka mmoja. Kazi ya kumwaga gavana bado ni yetu, na haitafanywa na mtu mwingine.