NYASI ZA BAHARI ZATAZAMWA KUTOKA ANGANI

Wahenga walinena kuwa mwenye macho haambiwi tazama. Lakini utatazamaje kitu kilicho chini ya bahari, nawe uko hapa Loresho, mamia ya kilomita kutoka pwani? Nilipodai darasani kuwa setilaiti huona nyasi chini ya maji, wenzangu waliangua kicheko. "Ati nyasi? Nani alizipanda?" mmoja akauliza. Nilimwahidi jibu katika jarida hili.

Kwanza kabisa, nyasi bahari si mwani. Ni mimea kamili yenye mizizi, maua na mbegu, ambayo humea mahali pasipo na kina kirefu. Kasa na nguva huzila. Tafi na pono hulishia humo, na samaki wachanga hujificha humo. Mizizi nayo hushika mchanga usichukuliwe na mawimbi. Kwa hivyo nyasi zikiisha, mvuvi wa Gazi au Vanga hupungukiwa na kitoweo.

Je, setilaiti huzionaje? Mwangaza wa jua ukipenya maji, mchanga mweupe huurudisha kwa wingi, lakini nyasi huunyonya ili zijitengenezee chakula. Basi katika picha mchanga hung'aa, na nyasi huonekana kama madoa meusi. Setilaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-2 hupiga picha ambazo kila nukta ni mita 10 kwa 10. Zile za Landsat za Marekani zimeweka kumbukumbu ya miaka mingi. Picha zote hizo ni za bure!

Kwa kutumia picha hizo, watafiti walichunguza pwani ya Kenya kuanzia 1986 hadi 2016. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2018. Walikadiria kuwa zimebaki kilomita za mraba 317 hivi. Mwaka wa 2000 nyasi zilikuwa zikipotea kwa asilimia 0.29 kwa mwaka, lakini kufikia 2016 kasi ilikuwa asilimia 1.59. Hizo ni kama kilomita 5 za mraba kila mwaka! Uvuvi uliokithiri ulishukiwa kuwa sababu kubwa.

Hata hivyo, setilaiti si mganga wa kupiga ramli. Mawingu huifunika bahari, na matumbawe au mwani pia huweza kuonekana kama madoa meusi. Kwa hivyo ni lazima watu wapande mashua, wapige mbizi na kuhakikisha kwa macho yao.

Kizuizi kingine ni matope, na hapa ndipo sisi wa Nairobi tunapoingia. Mto Nairobi humwagika katika Mto Athi, ambao huko mbele huitwa Galana, kisha Sabaki, hadi baharini karibu na Malindi. Mvua ikinyesha sana, bahari pale hugeuka rangi ya udongo. Matope hayo huipofusha setilaiti, na kubaya zaidi, huzinyima nyasi jua.

Nilipomweleza mwenzangu hayo, hakucheka tena. Kumbe udongo unaosombwa na mvua huku kwetu waweza kufika hadi kwa yule mvuvi! Wanafunzi wenzangu, tupande miti na tusitupe taka mitoni. Usipoziba ufa utajenga ukuta.