Mawe ya Yordani na Maswali ya Watoto

Wanangu, leo nataka tuzungumze juu ya mawe 12 na mtoto mmoja ambaye jina lake halikuandikwa popote.

Hadithi imo katika kitabu cha Yoshua, sura ya 3 na ya 4. Waisraeli walitoka utumwani Misri, wakatangatanga jangwani miaka 40, na sasa wamefika kwenye Mto Yordani. Ni majira ya mavuno, mto umejaa na kufurika kingo zake. Makuhani waliobeba Sanduku la Agano wanatia miguu majini, maji yanasimama, watu wanavuka pakavu. Kisha inatoka amri ya kushangaza: watu 12, mmoja kwa kila kabila, waende katikati ya mto, kila mmoja ajitwike jiwe begani, na mawe hayo yakasimamishwe Gilgali, ng'ambo ya mto. Sababu inatajwa wazi. Siku moja watoto watauliza mawe haya ni ya nini, na wazazi wawe na la kujibu.

Yule mtoto anayeuliza ndiye niliyemtaja mwanzo. Yoshua, kiongozi wa Waisraeli, alimfikiria kabla hajazaliwa. Hakuandika maelezo juu ya mawe, wala hakuweka mlinzi wa kuyasimulia. Aliweka kitu kitakachomfanya mtoto aulize, basi. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 12, mlo wa Pasaka nao umepangwa hivyo hivyo: mtoto ataona, atauliza, atajibiwa. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba kuuliza juu ya Maandiko ni utovu wa adabu, mwoneshe kurasa hizo kwa heshima. Swali la mtoto limo ndani ya ibada yenyewe.

Ninyi wa Mumosho mna faida moja mnapoisoma hadithi hii, kwa sababu mto mnao, Ruzizi. Yordani hupitia Ziwa la Galilaya na kuishia Bahari ya Chumvi. Ruzizi yetu hutoka Ziwa Kivu, lililo kwenye mwinuko wa mita 1,460 hivi, na kuteremka karibu mita 700 hadi kufika Ziwa Tanganyika. Mto unaoshuka namna hiyo una nguvu, ndiyo maana umejengewa mabwawa, na umeme wa bwawa la Ruzizi II unagawanywa kati ya Kongo, Rwanda na Burundi. Aliyewahi kuutazama Ruzizi wakati wa mvua haulizi kwa nini kuvuka Yordani kulikuwa jambo la kukumbukwa. Anajua pia kwamba jiwe la mtoni si sawa na jiwe la shambani, maana maji yamelisugua hata likawa laini. Ukilikuta limesimama nchi kavu, unatambua mara moja kwamba kuna mtu aliyelileta. Naamini ndiyo sababu mawe hayakuokotwa ukingoni. Jiwe lenyewe lilishuhudia lilikotoka.

Basi, kabla hujauliza alama ina maana gani, uliza kwanza kitu chenyewe kilikuwa nini mikononi mwa watu wale.

Liko swali jingine ambalo katika masomo ya dini sikuwahi kulisikia, nami limenishika tangu nilipokuwa mtu mzima. Ng'ambo ya Yordani palikuwa na mji, Yeriko, na ndani yake walikuwemo watoto. Kwa mtoto wa Israeli, mawe yale yalisema: Mungu alituvusha. Je, mtoto wa Yeriko angejibu nini? Sisi hatuwezi kulikwepa swali hilo. Ruzizi ni mpaka wetu na Rwanda, na wazazi wenu waliopitia vita vya 1996 na vya 1998 wanajua mtu anavyoutazama mpaka akiogopa kitakachovuka. Kitabu cha Yoshua hakikuusahau kabisa upande wa pili. Sura ya 2 inamtaja Rahabu, mwanamke wa Yeriko, aliyefunga kamba nyekundu dirishani ili nyumba yake isalimike. Nyumba yake ilisalimika, na mji uliobaki ukateketezwa. Naipenda kamba ile, lakini hainitoshi, na sitawaambia kwamba inatosha. Ninachosema ni hiki: alama ya ushindi lazima iulizwe kutoka kingo zote mbili za mto.

Jambo la ajabu zaidi liko katika sura ya 4, mstari wa 9. Yoshua alisimamisha mawe mengine 12 katikati ya mto, mahali makuhani waliposimama. Maji yakarudi, yakayafunika. Kwa nini uweke ukumbusho ambao hakuna atakayeuona? Nimelifikiria sana jambo hilo, na jibu langu limetoka kwa wazee wetu. Yapo waliyoyapitia ambayo huyasimulia mbele ya watu, na yapo ambayo hawayasemi kamwe, ingawa ndiyo yaliyowasimamisha hadi leo. Kumbukumbu ya watu ina mawe ya Gilgali na mawe ya chini ya maji. Mtoto mwenye adabu huuliza juu ya yale ya kwanza, na huyaheshimu yale ya pili.

Sasa tazameni kinachotokea watu wakiacha kuuliza. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 21, nyoka wanawauma Waisraeli jangwani. Musa anaambiwa atengeneze nyoka wa shaba, amtundike juu ya mti, na kila aliyeumwa akimtazama ataishi. Mnaweza kuuliza, na mna haki: je, si Mungu huyo huyo aliyekataza sanamu? Mimi naona kwamba mgonjwa alilazimishwa kukitazama kile kilichomuuma, na pengine uponyaji huanzia hapo, mtu anapoacha kukikimbia kinachomdhuru. Lakini miaka mingi ikapita, kizazi kwa kizazi, na yule nyoka akabaki. Mfalme Hezekia alipotawala Yuda, zaidi ya miaka 2,700 iliyopita, alikuta watu wakimfukizia uvumba. Akamvunja vipande vipande, kama isemavyo 2 Wafalme 18. Kazi ya mikono ya Musa, ikavunjwa! Na Maandiko yanamsifu Hezekia. Alama isiyoulizwa hugeuka sanamu, hata kama ilitengenezwa na nabii mkubwa.

Hatari nyingine ni alama kutumiwa na mwongo. Nabii Yeremia alivaa nira shingoni kuwaonya watu wa Yerusalemu kwamba Babeli itawatawala. Kwetu tunalima kwa jembe la mkono, kwa hiyo niwaambie: nira ni mti unaofungwa shingoni mwa ng'ombe ili wavute kwa pamoja. Akatokea Hanania, nabii pia, akaitoa nira ile shingoni mwa Yeremia na kuivunja mbele ya umati hekaluni, akitangaza kwamba ndani ya miaka miwili mambo yatakuwa mazuri. Hebu fikirini mngekuwepo. Mngemwamini nani? Mimi ningetamani sana kumwamini Hanania, kwani alisema nilichotaka kusikia na kitendo chake kilipendeza macho. Lakini Babeli haikuondoka, na miaka michache baadaye Yerusalemu uliteketezwa. Alama nzuri mkononi mwa mtu haithibitishi kwamba anasema kweli.

Nasi tunazo alama zetu. Bendera ya nchi yetu, iliyowekwa na katiba ya 2006, ina buluu ya amani, nyekundu ya damu ya mashujaa, njano ya utajiri, na nyota ya matumaini. Ulizeni kama watoto wa Gilgali: amani hiyo wameionja kina nani? Utajiri huo umewafikia kina nani? Na mjini Bukavu, watu husali misa kumkumbuka Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, aliyeuawa tarehe 29 Oktoba 1996. Ulizeni alikuwa nani, alisema nini wakati wengine walinyamaza, na kwa nini alibaki wakati angeweza kuondoka. Msipouliza, jina lake litabaki jina tu.

Kwa hiyo nawapa kazi. Wiki hii fungueni Yoshua 4, 2 Wafalme 18 na Yeremia 28, msome kwa sauti, wawili wawili. Andikeni maswali yenu kwenye daftari, hata yale yanayowatia hofu. Kisha mpelekeeni mwalimu wa katekisimu, mchungaji, bibi au babu, mkae chini na kumsikiliza mpaka amalize. Nanyi wazazi mnaowasomea watoto haya, msiwanyamazishe. Agizo la Yoshua lilikuwa kwenu pia: mtoto akiuliza, ajibiwe.