Trauti, Samaki wa Maji ya Baridi, na Mito ya Ngara na Biharamulo

Wakulima wa Ngara na Biharamulo wasikiapo ya kuwa katika nchi za milima mirefu wageni hulipa fedha ili waongozwe mtoni kuvua samaki aitwaye trauti, yamkini watauliza: Je, samaki huyu hawezi kutiwa katika mto Ruvuvu, au katika vijito vyetu, ili nasi tupate faida hiyo? Swali hili ni la haki. Jibu lake ni kwamba hawezi. Lakini yafaa kila mkulima ajue sababu zake, kwa kuwa sababu hizo zahusu shamba la kila mtu alimaye karibu na maji.

Asili ya samaki huyu

Trauti si samaki wa Afrika Mashariki. Mwaka 1905 Ewart Grogan alileta trauti wa Ulaya, asili yao Uskoti, nao wakatiwa katika mto Gura, katika milima ya Aberdare nchini Kenya. Baadaye aliletwa trauti wa aina ya pili, mwenye utepe mwekundu ubavuni, ambaye asili yake ni mito ya magharibi ya Amerika ya Kaskazini. Katika Tanganyika pia, zamani za utawala wa Waingereza, trauti walitiwa katika mito ya milimani, kama ile ya Kilimanjaro na ya nyanda za juu za kusini.

Mahali pote hapo pana mambo matatu: maji ni ya baridi, ni maangavu, tena yaenda mbio juu ya mawe. Trauti hustawi katika maji yasiyozidi sana digrii 20 za sentigredi. Yakifika digrii 25 yu karibu na kufa. Sababu ni hii: maji ya baridi hushika hewa nyingi kuliko maji ya moto, na trauti ahitaji hewa nyingi. Jike hufukua changarawe kwa mkia, hutaga mayai humo, kisha huyafunika. Maji yakiwa na digrii 10, mayai hukaa karibu mwezi mmoja kabla ya kuanguliwa. Siku hizo zote maji safi sharti yapite kati ya changarawe. Tope likiziba nafasi hizo, mayai hukosa hewa, nayo hufa.

Kazi ya kiongozi

Trauti hula hasa wadudu wa majini na wale waangukao juu ya maji. Kwa hiyo mvuvi hutumia ndoana ndogo iliyofungwa manyoya na nyuzi, ikafanana na mdudu. Ndoana hiyo haina uzito wa kurushwa. Mshipi wenyewe ndio mzito, nao ukirushwa kwa ufito mrefu huichukua ndoana na kuitua polepole juu ya maji.

Mgeni aweza kuwa hodari wa kurusha, asipate kitu, kwa kuwa haujui mto. Hapo ndipo kiongozi hupata ujira wake. Yeye ajua ya kuwa trauti hukaa akielekea juu, maji yatokako, akingojea chakula. Basi humpitisha mgeni kutoka chini, nyuma ya samaki, wala haachi kivuli kiangukie maji. Ajua ya kuwa samaki hupumzika nyuma ya jiwe kubwa, na mahali maji ya mbio yakutanapo na maji ya taratibu. Huinua mawe na kutazama wadudu walio chini yake, ndipo achague ndoana inayofanana nao. Samaki mdogo humrudisha majini kwa mikono iliyoloweshwa, ili ute wa ngozi yake usitoke. Tena hutazama mawingu ya juu mlimani, asije akakutwa na mafuriko.

Elimu hii yote yategemea jambo moja: mto uwe mzima. Msitu wa juu ukikatwa, na kingo zikilimwa, maji hupata joto na tope; trauti hutoweka, na kiongozi hukosa kazi. Ujira wake huanzia katika shamba la mtu aliye juu yake, ambaye labda hajapata kumwona.

Kwa nini si Ngara wala Biharamulo

Karibu na ikweta, trauti huhitaji mito iliyo juu, kiasi cha mita 1,800 na kuzidi, itokayo katika misitu ya baridi. Mto Kagera penye maporomoko ya Rusumo uko kimo cha mita 1,300 na zaidi kidogo. Ruvuvu, ukija kuungana nao hapo karibu, umekwisha kupita katika vilima vingi vilimwavyo, na maji yake huchukua udongo. Mabonde yake yana mafunjo na maji ya taratibu. Mahali hapo ni pa kambale, si pa trauti. Mtu akikuuzia vifaranga vya trauti uvitie humo, fedha yako imepotea.

Tena, kutia samaki mgeni katika maji ya watu wote bila ruhusa ya serikali ni kosa. Mkumbuke sangara, aliyetiwa katika Ziwa Viktoria miaka ya 1950. Alileta biashara kubwa, lakini kufika miaka ya 1980 aina nyingi za furu zilikuwa zimepungua mno au kupotea. Samaki akiisha kutiwa hatolewi tena.

Yafaayo kufanywa

Kwanza, lindeni kingo za mito. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza kazi za kudumu, na zile ziwezazo kudhuru, ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Acheni miti na matete hapo. Juu yake, pigeni matuta ya kukingama na mteremko, mpande majani juu ya matuta, ili udongo wa migomba na maharagwe ubaki shambani.

Pili, pimeni kijito kwa desturi ya kiongozi wa trauti. Inueni mawe mahali penye maji ya mbio. Mkiona wadudu wengi wa namna mbalimbali, hata wale wajengao vijumba vya vijiti na mchanga, kijito ni kizima. Mkiona tope tupu, jueni ya kuwa udongo wa shamba fulani umekwisha kuhamia mtoni.

Tatu, atakaye samaki na achimbe bwawa mbali na ukingo, naye afuge perege au sato, wapendao maji ya digrii 25 hata 30. Bwawa la mita 20 kwa 10, lenye kina cha mita moja hivi, laweza kupokea vifaranga 400. Kabla ya kuchimba na kuvuta maji, mwendeeni Bwana Samaki wa wilaya awaeleze masharti, na mahali pa kupata vifaranga vizuri.

Trauti atabaki katika milima yake. Lakini maji maangavu ayapendayo ndiyo hayo ayahitajiyo ng'ombe wako, na mtoto wako aendaye kisimani.