Kisangani: Lubunga, ng'ambo ya mji mkuu wa jimbo

Kisangani ina komine sita. Tano ziko ukingo wa kuume wa mto Congo: Makiso, Mangobo, Tshopo, Kabondo na Kisangani. Ya sita, Lubunga, iko peke yake ukingo wa kushoto, na hakuna daraja la kuiunganisha na zile zingine.

Ndiyo sababu mkaaji wa Lubunga akisema anaenda mjini, maana yake anavuka mto. Ofisi ya gavana iko ng'ambo ile, chuo kikuu pia, hata uwanja wa ndege wa Bangboka. Mtu hupanda mtumbwi. Mwenye gari husubiri baki. Mchana ni jambo la kawaida tu. Usiku, au upepo wa mvua ukichafua maji, mama mwenye uchungu anayetakiwa kufikishwa hospitali kubwa ya mjini anategemea kama kuna mpiga kasia atakayekubali kuvuka.

Zamani Lubunga ndiyo ilikuwa mlango. Meli zinazotoka Kinshasa zinakomea Kisangani kwa sababu ya maporomoko ya Boyoma, hivyo Wabelgiji walijenga reli ya kilomita 125 kutoka ukingo wa kushoto hadi Ubundu, ikafunguliwa mwaka 1906. Mizigo ilishushwa Ubundu na kuendelea kwa meli hadi Kindu. Leo treni si ya kutegemea. Vijana wanasukuma baiskeli zenye mchele, muhogo, mawese na makala kwenye njia za Opala na Ubundu, na sehemu ya chakula cha mji inapita mikononi mwao kabla ya kufika mtoni.

Province Orientale iligawanywa mwaka 2015, Kisangani ikabaki mji mkuu wa Tshopo, jimbo kubwa kuliko yote nchini kwa eneo. Watu wanazidi kuingia, na si wote kwa hiari: mapema 2023 ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola uliwakimbiza maelfu kutoka vijiji vya ukingo wa kushoto. Njia yao ilipita Lubunga, na wengi hawakujiona salama mpaka walipovuka maji.

Mto Tshopo, ulio mdogo, una daraja. Matadi ilipata lake juu ya mto Congo mwaka 1983. Lubunga bado inalipa nauli ya mtumbwi, kwenda na kurudi.