Muziki wa gari: faida imehamia kwenye waya

Bei ya spika za inchi sita na nusu Gerezani, Dar es Salaam, mkulima wa mpunga wa Lusu anaijua kabla hajatoka nyumbani. Ameziona kwenye simu, ameuliza kwa WhatsApp, ametumiwa picha. Akifika Nzega mjini na muuza duka akamtajia bei ya juu kidogo, jibu analo mdomoni: Dar ni kiasi fulani, na basi litaleta kifurushi kesho. Muuzaji hana pa kukimbilia. Anapunguza mpaka anabaki na hela ya pango.

Zamani njia ya kutoka pwani haikufanya biashara hivyo. Karne ya 19 misafara ya Bagamoyo ilipita Ugogo hadi Unyanyembe, ndiko Tabora ya leo, mingine ikaendelea Ujiji, imebeba vitambaa, shanga na waya za shaba, na kila mahali ilipotozwa hongo bei ilipanda. Mtemi Mirambo alipopigana na Waarabu wa Tabora kuanzia 1871 na njia ya Ujiji ikakatika, mwenye mzigo upande wa pili alijipangia bei atakavyo. Faida ilikaa kwenye umbali. Simu imeufuta umbali huo, na kwa muziki wa gari faida imebaki pale ambapo mteja haoni na haulizi: ndani ya mlango, chini ya zulia, nyuma ya dashibodi. Waya, tena.

Lusu ni kata ya Wilaya ya Nzega, mkoani Tabora, na wengi wanaijua kwa mgodi wa Golden Pride wa kampuni ya Resolute, ulioanza kutoa dhahabu mwaka 1998 na kufungwa baada ya takriban miaka 15. Magari ya watu wa kawaida yanayopita kata hiyo leo ni yale yale ya Tanzania nzima: IST, Noah, Probox, na bajaji kwa wingi. Barabara kuu ya Singida, Igunga na Nzega inaongeza malori yanayoelekea Isaka, Rwanda, Burundi na Kongo. Fundi muziki wa Nzega anahudumia makundi haya yote, na kila kundi lina namna yake ya kupoteza hela.

Mwenye gari dogo huanza na redio, kwa sababu gari la mtumba kutoka Japani huja na redio isiyomfaa. Redio ya FM ya Japani ilipangwa kuanzia megahezi 76 hadi 90. Sisi tunatumia 87.5 hadi 108. Stesheni nyingi za Tabora na za taifa ziko juu ya pale inapoishia. Kuna kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye waya wa antena kinachoshusha masafa ili redio iyapate, nacho ni rahisi kuliko redio mpya. Kasoro yake ni namba za kwenye kioo, ambazo hazitalingana na namba za stesheni. Asiyejali namba hizo ameokoa hela nyingi. Tatizo linalouma zaidi ni redio zenye ramani: betri ikichomolewa hata mara moja, nyingi hujifunga na kudai kadi au namba za siri. Kabla fundi hajagusa betri ya gari la mtumba, muulize kama redio hiyo itarudi.

Ukiamua kununua mpya, pima tundu kwanza. Redio za kawaida zina upana wa milimita 178, lakini tundu la Toyota nyingi lina milimita 200. Ndiyo maana IST nyingi zina nyufa mbili pembeni ya redio, zimezibwa kwa gundi au zimeachwa vumbi liingie. Fremu ya plastiki ya kuziba nyufa hizo ni bei ndogo, ila lazima uidai, maana fundi hataitaja. Dai pia soketi ya Toyota inayochomekwa bila kukata waya za gari. Siku ukiuza gari, mnunuzi atakushukuru, na hata fundi wa pili hatapata shida.

Sasa wati. Boksi limeandikwa "50 x 4". Redio isiyo na amplifaya ya nje inafanya kazi na umeme wa volti 14 hivi, na kwenye spika ya omu 4 haiwezi kutoa zaidi ya wati 20 hivi za kudumu kwa kila spika. Hiyo 50 ni ya kufumba na kufumbua. Maboksi ya sabufa za bei rahisi huandika maelfu, na hapo hakuna hata haja ya kubishana. Namba ya kutafuta ni ile iliyoandikwa RMS, yaani wati za kudumu. Isipoandikwa popote, chukulia kwamba mtengenezaji alikuwa na sababu ya kuificha.

Kwa bajeti ndogo, kwa mfano laki tatu za kuanzia, ningeacha redio kama inashika stesheni na kusoma flashi, ningenunua spika mbili nzuri za milango ya mbele, na ningetoa karibu theluthi ya hela kwa fundi na waya. Milango ya nyuma isubiri. Sabufa isubiri zaidi. Wengi hufanya kinyume: hununua sabufa kubwa kwanza, spika za karatasi za kiwandani zikabaki mlangoni, na gari linanguruma bila sauti ya mwimbaji kusikika.

Mlango wenyewe unafaa kutazamwa kwa karibu. Ukivua paneli ya IST utaikuta spika ya kiwandani imefungwa kwa ribiti, nyepesi, sumaku yake ndogo. Fundi anatoboa ribiti, anakata pete ya plaiwudi, anaifunga kwenye bati, kisha spika mpya juu yake. Pete hiyo ina kazi mbili: inashika spika imara, na inaisogeza nje ili sumaku isigongane na kioo cha dirisha kikishuka. Fundi makini hushusha kioo mpaka chini kabla hajarudisha paneli. Asiye makini utamjua baada ya siku chache, kwa mlio.

Jaribio jingine ni la betri ndogo ya volti 1.5, ile ya redio ya mkononi. Ukiigusisha kwenye waya za spika, koni inaruka nje au inaingia ndani. Waya za spika mbili zikiunganishwa kinyume, moja inasukuma wakati nyingine inavuta, na besi inapotea ingawa kila kitu ni kipya. Wapo watu walionunua sabufa kutibu ugonjwa huu.

Kuhusu waya, kukwangua kwa wembe kunatosha. Waya nyingi zinazouzwa kama shaba ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu: ukikwangua, ndani ni nyeupe. Aluminiamu hupitisha umeme kwa kiasi cha asilimia 60 tu ya shaba, kwa hiyo waya mnene wa namna hiyo unafanya kazi ya waya mwembamba na kupata moto kama mwembamba. Amplifaya ya wati 300 za kweli inavuta karibu ampea 27. Waya wake unapaswa kuanzia kwenye betri na kupita fyuzi iliyo karibu na betri, isizidi nusu mita. Bila fyuzi hiyo, siku waya utakapochubuka kwenye bati, umeme wote wa betri utaishia kwenye zulia.

Kuna kosa la bei ndogo kuliko yote. Nyuma ya redio, waya wa njano ni wa umeme wa kudumu, unaotunza kumbukumbu. Mwekundu ni wa swichi. Fundi mwenye haraka anazisokota pamoja, redio inawaka, mteja anaondoka na furaha. Baada ya siku kadhaa bila kutumika gari haliwaki, na lawama inaenda kwenye betri.

Malori yana kisa chao. Mfumo wao ni volti 24, betri mbili za 12 zimeunganishwa, na redio ni ya 12. Kinachotakiwa ni kipunguza umeme. Kwa kukwepa gharama hiyo, baadhi ya madereva huomba redio ifungwe kwenye betri moja. Inapiga vizuri. Lakini betri moja inanyonywa na nyingine hainyonywi, alteneta inazichaji kama pacha, na baada ya muda moja imekufa na nyingine imeungua kwa kuzidishiwa. Betri za lori ni ghali, kipunguza umeme si ghali. Mtu anayelala njiani hadi mpakani Rusumo angepaswa kuijua hesabu hii kuliko mtu yeyote, na bado kazi hizi zinaletwa.

Kwa bajaji niseme machache: chaji yake ni ndogo, na abiria hawezi kushusha sauti. Kanuni za kudhibiti kelele zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 zipo, ingawa kijiwe chochote kitakuonyesha zinavyoheshimiwa.

Seremala naye ana sehemu yake katika biashara hii. Boksi la sabufa la inchi 12, lililozibwa kote, linahitaji nafasi ya lita 30 na kitu, plaiwudi ya milimita 18 na gundi ya kutosha. Tabora ni nchi ya mninga, na wapo wateja wanaotaka boksi la mninga. Linapendeza, sauti haitabadilika kwa sababu yake.

Yote haya yanarudi kwenye namna fundi anavyolipwa. Mteja anabishana saa nzima juu ya spika, bei ambayo tayari inajulikana, kisha ufundi anautupia hela ya soda. Fundi anayejua kwamba hatalipwa kazi yake anajilipa mwenyewe kwa kuweka waya wa bei rahisi na kuruka fyuzi. Baadhi ya mafundi vijana wameanza kuandika risiti yenye mistari mitatu: vifaa, waya na fyuzi, ufundi. Mteja akileta spika zake kutoka Dar hawanuni. Mstari wa kwanza unabaki mtupu, mingine miwili inalipwa kamili. Hao hao ndio wanaopata kazi za kamera za nyuma, alamu na vifaa vya kufuatilia gari, ambavyo mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, inavidai kwenye mabasi ya masafa marefu, kwa sababu mwenye basi hatazami bei ya spika. Anachotaka kujua ni kama gari litawaka alfajiri.