Utangulizi: Jina Linalotoka Kijijini

Msomaji unayeingia katika siasa za Samoa kwa mara ya kwanza, nakuomba usianzie Mulinu'u, liliko Bunge. Anzia kijijini, kwenye fono, baraza ambamo wakuu wa koo, yaani matai, huketi katika nyumba isiyo na kuta, kila mmoja kwenye nguzo inayolingana na cheo chake. Hapo huamuliwa magomvi, na mkosaji hutozwa faini ya nguruwe au mikeka. Sheria ya 1990 iliyatambua tu mamlaka hayo. Yalikuwapo tangu zamani.

Sisi wasomi wa utawala tumezoea kutenga serikali kuu na serikali za mitaa. Huko Samoa ukitenga hivyo, unampasua mtu mmoja vipande viwili. Mtazame Fiame Naomi Mata'afa, mwanamke wa kwanza kuwa waziri mkuu wa nchi hiyo. "Fiame" si jina alilopewa utotoni. Ni cheo cha Lotofaga, kusini mwa kisiwa cha Upolu, alichokishika baba yake, waziri mkuu wa kwanza, hadi alipofariki 1975. Binti alikuwa bado kijana alipokidai mbele ya Mahakama ya Ardhi na Vyeo, akishindana na watu wa ukoo wake mwenyewe, akakipata. Bila cheo asingegombea ubunge. Kura ya maoni ya 1990 iliwapa watu wote wa miaka 21 na zaidi haki ya kupiga kura, lakini kugombea kulibaki kwa matai.

Aliingia bungeni 1985. Alikuwa Waziri wa Elimu kwa miaka 15, kisha akashika wizara nyingine, hadi kuwa naibu waziri mkuu 2016. Septemba 2020 alijiuzulu, na hapa nakusihi utulie. Alipinga miswada mitatu iliyokusudia kuitoa Mahakama ya Ardhi na Vyeo chini ya usimamizi wa Mahakama Kuu. Ni mahakama ileile iliyompa cheo! Waliounga mkono miswada walisema wanalinda mila. Yeye aliona utawala wa sheria unabomolewa. Kwangu mimi, mabishano hayo ndiyo kiini cha somo letu, kwa sababu kila upande ulikuwa na kijiji moyoni.

Uchaguzi wa 2021 ulileta viti 25 kwa 25 kati ya chama kilichokuwa kikitawala na chama alichokiongoza yeye, na mbunge mmoja huru akaegemea upande wake. Mei 24 alikuta milango ya Bunge imefungwa, akaapishwa kuwa waziri mkuu chini ya hema. Julai mahakama ya rufani ikathibitisha serikali yake. Mwaka 2025 bajeti yake ilikataliwa bungeni, uchaguzi ukaitishwa mapema, na chama chake kipya, tofauti na kile cha 2021, kikaambulia viti vitatu.

Kimojawapo kilikuwa cha Lotofaga. Sura ya kwanza inaanzia huko.