Muchezo wa Kufuata Mwizi Unaofundisha Jiografia



Wengi wenu mukisikia michezo ya ordinatere munafikiri vita na mbio za magari tu. Lakini kuko michezo iliyotengenezwa kwa kufundisha watoto jiografia, na njia yake tunaweza kuitumia hapa Kamanyola hata bila mashini.

Ule uliojulikana sana ulitoka Marekani mwaka 1985, jina lake Where in the World Is Carmen Sandiego? Wewe uko mupelelezi. Mwizi ameiba kitu cha bei kali, akapanda ndege. Unafika katika muji, unauliza watu, nao wanakujibu nusu-nusu: alibadilisha feza yake akapata yen, ao ndege yake ilikuwa na bendera ya rangi hii na hii. Jina la inchi hawasemi. Ni wewe kujua kama yen ni feza ya Japani, halafu umufuate mpaka Tokyo. Ukienda pasipo pake unapoteza saa, na saa zikiisha mwizi amepona.

Pamoja na muchezo walikuwa wanauzisha kitabu kinene cha habari za dunia. Hapo ndipo akili yake iko. Mutoto anafungua kitabu yeye mwenyewe, hakuna anayemulazimisha, kwa sababu anataka kushika mwizi. (Sisi tunafungua atlasi siku ya interro tu!)

Miji ilikuwa 30. Jirani yetu Kigali imo, hata Moroni ya Komoro imo. Kinshasa hapana! Congo, inchi ya pili kwa ukubwa katika Afrika, mwizi hakuipitia hata siku moja. Basi mutoto aliweza kushinda muchezo muzima bila kujua kama sisi tuko.

Tena michezo inazeeka. Ule wa 1985 ulikuwa na Urusi ya Kisovieti, iliyokwisha 1991. Kwetu vilevile: inchi iliitwa Zaire mpaka 1997, na provinsi 11 zikakuwa 26 mwaka 2015. Mwenye kujifunza kwa ramani ya zamani atajibu ya zamani katika Examen d'État. Kwa hiyo, mbele ya kucheza, uliza kwanza ni ya mwaka gani.

Mwenye ordinatere kwao atafute GCompris, iliyoanza mwaka 2000. Ni ya bure, inasema Kifaransa, na ikisha kuingia katika mashini haiombi intaneti.

Wengine tucheze kwa karatasi: mumoja anaficha jina la pahali na kuandika alama, wengine wanatafuta katika atlasi. Za kuanzia ni hizi:

Mwizi amefuata maji kutoka ziwa lililo karibu metre 1.460 juu ya bahari, mpaka ziwa la metre 770 hivi. Ni muto gani?

Amevuka Ruhwa na faranga za Rwanda mufukoni, huko ngambo wanazikataa. Amefika inchi gani?

Amelala katika kijiji ambacho kiwanja kikubwa cha mupira cha Kinshasa kilibeba jina lake mpaka 1997. Kiko katika bonde la Ruzizi, lakini teritwari yake si Uvira. Ni teritwari gani?

Majibu mulete darasa ya sita.